Hodi Isiyoitikiwa Kota za Mnadani

Paukwa. Ngojeni kwanza, msikimbilie pakawa. Sogeeni, na mwenye moyo mwepesi amshike mwenzake mkono. Kisa hiki kinanitisha mimi mwenyewe kila nikikisimulia, na mimi ni mtu mzima, nimezika watu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Chiku Mlekwa, balozi wa wapangaji wa Kota za Mnadani. Kipawa chake kilikuwa sauti. Si sauti ya kuimba, maana Chiku akiimba hata kuku huhama. Ni sauti ya kuaminika. Akisema epua sufuria, unaepua kwanza, sababu utauliza baadaye.

Wa pili ni Tungaraza, mtumishi wa manispaa. Kipawa chake kilikuwa jicho. Akiingia chumbani mwako leo, akirudi mwakani atakuuliza kwa nini pazia umeligeuza.

Wa tatu ni Lukelo, dereva wa katapila la kampuni ya ujenzi. Kipawa chake kilikuwa mkono. Kwa kile kijiko chake cha chuma aliweza kuokota kandambili kwenye tope bila kukata gidamu. Watoto walimtegea kandambili zao makusudi wamwone akizitoa.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe.

Kota za Mnadani zilikuwa nyumba kuukuu za ghorofa moja, mali ya manispaa. Kuta zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Manispaa ikaingia ubia na kampuni: mmoja atoe ardhi, mwingine atoe mtaji, kota zivunjwe, yapande maghorofa. Wapangaji wahamishwe kwa muda, kisha warudi.

Kwa muda. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyowatia watu baridi. Wenzao wa mtaa wa jirani waliambiwa hivyohivyo, wakafunga virago wakicheka, na mahali walipokuwa wakilala sasa pana maegesho ya magari. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Gari la manispaa likipita Mnadani, watu waliacha kutafuna mpaka lipotee.

Chiku akawakusanya uani.

"Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu," akasema. "Asipoitikiwa, huondoka. Ndiyo adabu, na hata manispaa wanaifuata. Basi tusiitikie. Akija wa manispaa, akija wa kampuni, kimya. Msifungue kinywa wala mlango mpaka mnisikie mimi."

Na kweli ikawa hivyo. Maofisa walikuja, wakabisha hodi mlango hadi mlango, ndani kimya kama hapakaliwi. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja mpaka mtoto akamng'ata. Maofisa wakarudi walikotoka.

Mwishowe manispaa na kampuni walichoka kuzungumza na milango. Wakaja wote mkutanoni, wakakubali mbele ya kadamnasi kwamba kila mwenye kota atarudi. Wakawapangia makazi mtaa wa pili tu, mahali ambapo mtu akitoka nje analiona jengo lake likipanda. Hapo watu wakapumua. Chiku akapita kila mlango akiitangua amri yake: sasa itikieni, sasa hameni.

Mlango mmoja tu aliukuta umefungwa, wa Bibi Nyamizi, mjane wa ghorofani. Alikuwa amekwenda kijijini kumuuguza dada yake. Chiku akasema moyoni, akirudi nitamwambia. Kisha akahama na wenzake, akasahau.

Bibi Nyamizi akarudi alasiri moja akakuta ua mtupu. Hakuna mtoto, hakuna kuku, hakuna hata moshi. Nani angemwambia kwamba watu wamehama kwa furaha? Aliona alichokiogopa siku zote: wenzake wametupwa nje, amebaki yeye. Akapanda ngazi kwa kushikilia ukuta, akajifungia, akasukuma kitanda mpaka mlangoni.

Asubuhi yake akaja Tungaraza na kopo la rangi nyekundu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha nyumba ni tupu, kisha kutia alama ya X. Alikuta milango mingi imefungwa kwa mazoea tu, wenyewe wamekwisha kuhama. Akafika kwa Bibi Nyamizi. "Hodi." Kimya. "Hodi humu." Kimya. "Hodi wenyewe." Ndani, bibi alikuwa ameuma ncha ya kanga yake, machozi yanamtoka, na hakuitika. Tungaraza akafanya adabu aliyofundishwa na mama yake, akaondoka. Lakini kabla ya kuondoka alichora X.

Lukelo naye akawasha katapila. Kuna desturi ya kazi yake, kwamba dereva huzunguka jengo kwa miguu kwanza na kuita. Siku hiyo aliziona X, akaona inatosha. Akaanza na ngazi. Pigo moja, ngazi ikaanguka. La pili, pembe ya ukuta ikafuata, na nyumba nzima ikatoa mlio ambao Lukelo anasema mpaka leo anausikia akiinamia bakuli la uji.

Mnauliza, kwa nini bibi hakupiga kelele? Mimi nilimuuliza. Alisema: "Niliogopa wakijua nimo watanitoa. Kisha nikaogopa nitakufa. Hofu mbili zikigombana kooni, sauti inapita wapi?"

Tungaraza alikuwa amesimama chini, anafuta rangi mikononi. Jicho lake likapanda lenyewe mpaka kwenye bomba la maji machafu la ghorofani. Lilikuwa linadondosha. Tone, kisha tone. Nyumba tupu haimwagi maji. Tungaraza akakimbia mbele ya kile kijiko, akainua mikono yote miwili, na Lukelo akakizuia kikiwa juu ya kichwa chake. Bila jicho lile, pigo la tatu lingeshuka.

Tungaraza akakumbuka kuwa chumba kile ni cha mjane, wakaita. "Bibi, hodi! Toka!" Kadiri walivyoita ndivyo bibi alivyojikunyata kwenye pembe, na pembe ile ndiyo iliyokuwa inapasuka. Kila hodi ya mgeni ilimsogeza karibu na kifo chake. Mtu akatumwa kwa Chiku, naye akaja mbio, kiatu kimoja mguuni.

Alipoiona X ya mlango ule, Chiku alishika nguzo. Kisha akaita bila kupaza.

"Mama Nyamizi. Ni Chiku. Nabisha hodi."

Vumbi likamwagika kutoka darini.

"Wamekununua, Chiku?" Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Hawajaninunua, mama. Watu wote wako salama, ng'ambo ya barabara. Wewe tu ndiye ambaye sikukwambia, na ninaogopa kuliko unavyoogopa wewe. Ile amri nimeitangua. Niitikie, mama yangu."

Wote pale chini wakatega masikio.

"Karibu, mwanangu," akasema bibi. "Ila ngazi siisikii tena."

Akatokea dirishani. Bila sauti ile, asingetoka kwenye pembe.

Lakini kutoka ni kupi? Ngazi ilikuwa kifusi, na sakafu ilianza kuinama. Lukelo akaomba magodoro, wakayapanga ndani ya kijiko. Akakipandisha taratibu mpaka kikagusana na dirisha, mahali ambapo kugusa kwa nguvu kidogo kungeangusha ukuta wote. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta. Bibi akavuka mguu mmoja, akavuka wa pili, akalala chali akishika godoro. Kijiko kilipokuwa nusu ya njia, sakafu ya chumba chake ikaenda chini. Bila mkono ule, angekwenda nayo.

Maghorofa yakakamilika, na watu wakarudi kweli. Manispaa na kampuni wakagawana nyumba zao, ikabaki moja isiyogawanyika, ya chini, ukuta kwa ukuta na nyumba mpya ya Bibi Nyamizi. Wabia wakasema kwa kauli moja: hii apewe aliyemwokoa bibi, maana tungejenga juu ya damu.

Aliyemwokoa. Mmoja. Nao wote watatu hawakuwa na pa kulala pa kudumu. Chiku alikuwa mpangaji wa mpangaji, haki ya kurudi haikumhusu. Tungaraza alikuwa anastaafu, na chumba cha kazi kinarudishwa. Lukelo alilala ndani ya kontena la kampuni, yeye aliyebomoa na kujenga nyumba za watu.

"Nisingeona, mngeita nani?" akasema Tungaraza.

"Na wewe ndiye uliyechora X," akasema Chiku.

"Kwa sababu ya kimya chako wewe," akajibu Tungaraza.

Lukelo akainamisha kichwa. "Ngazi niliivunja mimi. Lakini aliyemshusha ni nani?"

Meya, aliyekuja kukabidhi ufunguo, akamgeukia Bibi Nyamizi, achague mwenyewe. Bibi akawatazama mmoja mmoja.

"Nikimtazama huyu namwona mwokozi wangu," akasema, "na nyuma yake namwona aliyenifungia mle ndani. Ndivyo walivyo wote watatu. Nami tangu siku ile, mtu akibisha hodi, mwili wote unatetemeka. Atakayepewa nyumba hiyo ndiye atakayenibishia hodi kila asubuhi kunijulia hali. Mimi siwezi kuchagua. Chagueni nyie."

Ufunguo ukawekwa mezani. Watatu wale wamesimama, na bibi kafumba macho, anasubiri ajue jirani yake ni nani.

Je, wewe ungempa nani? Na kama ni wewe uliyekuwa mle ndani, ungeweza kuiitikia hodi yake?