Nusu Debe ya Wakesho

Debe shinda hutika, lakini hufika.

Ninyi mmefundishwa nusu ya methali hii tu. Shuleni mliambiwa kwamba debe shinda, yaani lisilojaa, haliachi kutika, mkapewa mfano wa mtu mwenye maneno mengi na akili kidogo. Sawa, watu hao hawajawahi kuadimika. Lakini leo mmemsikia shangazi yenu akiimalizia kwa namna nyingine, mkacheka, mkadhani amekosea. Hakukosea. Huku kwetu katika milima ya Taita methali hiyo ina mkia, na mkia wenyewe ulianza hivi.

Palikuwa na kikundi cha kina mama waliolima bustani ya pamoja kwenye mteremko, juu ya chemchemi. Kulima kule chini karibu na maji kulikuwa mwiko, kwa hiyo wakati wa kiangazi kila tone lilipandishwa kwa kichwa. Kila mwanachama alikuwa na matuta yake matatu ya nyanya, kabichi na sukuma wiki, na wote walitunza kitalu kimoja cha miche. Sheria ya maji ilikuwa fupi: kila mtu apandishe madebe manane kila asubuhi. Atakayeshindwa siku saba mfululizo, matuta yake yatapewa mwingine, maana waliosubiri nafasi walikuwa wengi.

Wakesho alikuwa mmoja wa kina mama hao. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye ukuta wa mawe shambani, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa masharti yake: mguu wa kushoto ukawa mfupi, na kuchuchumaa akakusahau. Hakukaa akalia. Alijaza majani makavu ya migomba kwenye gunia, akaliketia wakati wa palizi, akijisogeza kwa makalio kutoka shina hadi shina, mkononi kijembe alichokifupisha mpini. Nyanya alizifunga kwenye vijiti akiwa amesimama. Nyasi za kufunika udongo usikauke alizisambaza kwa fimbo ndefu yenye panda, bila kuinama. Hakuna aliyeona kasoro katika matuta yake. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, debe lililojaa. Nusu aliiweza.

Na matuta yale aliyataka. Tangu afiwe na mumewe, na tangu aanguke, kila aliyepita nyumbani kwake alimuuliza hali ya nyonga. Bustanini tu ndiko alikoulizwa hali ya kabichi.

Siku ya kwanza ya zamu za kiangazi alishuka chemchemini, akachota, akaweka ngata kichwani. Mwenyekiti wa kikundi, Mghoi, alikuwa ameketi hapo kwenye jiwe lake. Yeye ndiye aliyehesabu. Miaka ya nyuma watu walikuwa wakiiba maji ya wenzao kule bustanini na kuyahesabisha kama yao, ndipo ikaamuliwa kwamba hesabu ifanyiwe hapo hapo yanapochotwa. Kwa kila debe lililojaa, Mghoi alitia punje ya mahindi katika bakuli la mwenye debe. Siku hiyo mkono wake ulibaki na punje.

"Hilo halijajaa, wifi," alisema.

"Nikilijaza sitafika nalo juu."

"Sheria ni debe zima. Wewe ni mke wa marehemu kaka yangu. Nikikulegezea, watasema nini?"

Wakesho alijitwisha debe. Alipanda na nusu yake, akarudi, akapanda tena mpaka mguu ukakataa. Bakuli lake likalala tupu. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Kina mama wengine walikuwa na haraka, kwa sababu kila mtu alitaka kumaliza manane kabla jua halijakaza. Aliyewashinda wote kwa mbio alikuwa Mkawasi, mwanamke kijana mwenye shingo ya kubeba gogo. Kila alipomfikia Wakesho njiani alisikia maji yakicheza ndani ya debe lile, chwa, chwa, kwa kufuata mguu mfupi, naye akapaza sauti: "Nipisheni! Debe shinda haliachi kutika!" Wenzake walicheka. Wakesho alicheka nao, kisha akaumia peke yake.

Anayechechemea hatazami mawinguni. Siku ya sita, akiangalia pa kuweka mguu, Wakesho aliona kitu ambacho bila shaka alikuwa amekipita siku zote. Kandokando ya njia, kutoka chemchemini hadi juu, palikuwa na mchicha. Si mchicha wa kiangazi, mwembamba na wenye matundu. Huu, ulioota na mvua za mwisho, ulikuwa mnene, majani mapana kama kiganja, na mahali penye ngazi za mawe ulikuwa umesongamana. Akageuka kutazama kitalu. Miche ilikuwa imelala.

Alitua debe lake, akachuma mchicha mpaka khanga ikajaa. Akateremka nao, akaumimina mapajani mwa Mghoi.

"Wifi! Mchicha ulionona hivi umeutoa wapi wakati huu wa ukame?"

"Nimeuchuma njiani."

"Njia gani?"

"Hii yetu ya maji. Aliyeupanda simjui. Anayeumwagilia namjua."

"Nani?"

"Ninyi nyote. Ni mimi tu ambaye sijachangia."

Kina mama waliokuwa kwenye foleni waligeuka kuitazama njia. Mkawasi akasema, "Maneno hayo ni ya mtu aliyeshindwa kazi."

"Inawezekana, mdogo wangu," Wakesho akajibu. "Basi jaza debe lako, upande nalo kama unavyopanda kila siku. Na mimi nitapanda na langu. Wifi atupime huko juu."

Mghoi aliinuka kwenye jiwe lake. Kwa miaka yote ya kuhesabu hakuwahi kufuata debe hata moja mpaka bustanini. Mkawasi alijaza debe hadi mdomoni, akaondoka kwa mwendo wake. Kwenye ngazi za mawe maji yaliruka mbele na nyuma, yakamlowesha mabega, yakatiririka hadi kwenye mchicha. Alifika wa kwanza. Wakesho akafika baadaye sana, akihema, na debe lake likimtangaza njia nzima.

Mghoi akachovya fimbo katika debe la Mkawasi, akaichovya katika la Wakesho, akalinganisha alama za maji. Debe zima lilikuwa limeishinda nusu kwa vidole vinne tu. Akalichungulia tena debe la Wakesho, akapitisha kidole ukingoni. Palikuwa pakavu.

"Kumbe nimekuwa nikihesabu maji ya njia," Mghoi alisema, na aibu ilimjaa usoni, maana alikuwa mtu wa haki.

Siku hiyo hiyo walikubaliana. Hesabu ikahamia kwenye lango la bustani, na kilichofika ndicho kilichohesabiwa: zima kama zima, nusu kama nusu. Kila debe lilichorwa mstari chini ya mdomo ili asiwepo wa kulijaza kupita hapo. Wakesho aliruhusiwa kugawa safari zake asubuhi na jioni, na palipopungua alilipa kwa kufunga nyanya za wenzake. Hakuna aliyedanganya kwamba anabeba sawa na Mkawasi. Hakubeba sawa.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba. Kina mama walikuwa langoni wakisubiri kuhesabiwa, ikasikika ile chwa, chwa ikipanda taratibu kutoka bondeni. Mama mmoja ambaye hakuwapo jana yake akaguna, "Huyo anakuja. Debe shinda haliachi kutika."

Wote wakamtazama Mkawasi, maana maneno hayo yalikuwa yake. Mkawasi hakucheka. Alishuka ngazi mbili, akampokea Wakesho debe, akalitua mbele ya Mghoi bila kumwaga tone, kisha akamgeukia yule mama.

"Hutika," alisema, "lakini hufika."

Mghoi akachukua punje ya mahindi, akaikata kwa meno, akaitia nusu yake katika bakuli la Wakesho. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulia humo kiangazi hicho. Matuta yakabaki ya mwenyewe.

Basi mkimcheka tena shangazi yenu, mcheke mkijua. Debe shinda hutika, lakini hufika.