Shanga Kumi na Moja za Mama Sodi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

Pakawaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kuku, Mama Sodi. Ada ya mtaa wake ilikuwa hii: kila mtoto, ushanga mmoja shingoni mwa mama. Na ukishavaliwa hauvuliwi. Mama Sodi alikuwa na vifaranga kumi na mmoja, na shanga kumi na moja.

Walilala hivi: wawili tumboni, wanane mbawani. Mbawa zikajaa pomoni. Wa mwisho, Mkiwa, akabaki nje. Piu! Piu!

Na mwewe ana macho. Fyuu! Kila siku alishuka, akaondoka na unyoya wa Mkiwa. Maskini, akawa kipara kabla ya uzee.

Jirani, Bata Klori, alikuwa na watoto kumi na saba: wawili tumboni, wanane mbawani, saba mkiani. Hapo mkiani palibaki pengo la mmoja, na upepo ukipita hapo wote wanatetemeka.

"Shoga, nipe Mkiwa," akasema Bata. "Azibe pengo langu, naye apate joto."

"Nitoe mwanangu? Nipungue? Kuku wenzangu watanicheka!"

"Na mwewe akimla, watakusifu?"

Mama Sodi akanuna. Mnamjua kuku akinuna, huparua hata sakafu ya saruji.

Fyuu! Mwewe huyo! Safari hii alimkamata Mkiwa bawa. Mama Sodi akamrukia, kwaa! kwaa! akamnyang'anya mtoto. Damu ikadondoka. Hofu ikamshika kwelikweli.

"Shoga, mchukue! Mchukue!"

Mkiwa akaingia mkiani kwa Bata. Pengo likaziba. Mwewe akashuka, akakuta kote kumejaa, akaenda zake na njaa yake.

Mama Sodi akahesabu: vifaranga kumi, shanga kumi na moja. Ushanga mmoja umezidi! Ushanga ule ukamvuta kwa Bata, aliko Mkiwa. Bata naye, watoto kumi na wanane, shanga kumi na saba, ushanga mmoja umepungua, akavutwa kwa kuku. Wakahamia banda moja, wakashikana. Mkiwa akilia piu, mama anaitika palepale.

Ndivyo ilivyo atomu ya sodiamu, wanangu. Shanga ni protoni, vifaranga ni elektroni. Metali ikitoa elektroni yake ya nje, protoni huzidi, nayo huwa ioni chanya. Klorini ikaipokea elektroni hiyo, wakashikana, ndiyo chumvi mliyolamba leo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama Sodi alitoa mmoja, akawapata wote wazima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wewe uliyesinzia, kesho ugali wako hauna chumvi.