Kwa Nini Mitumbwi Huanikwa Kilimani Irango

Hapo kale, siku ambazo mtumbwi haukuzuiwa na mtu njiani, watu wa maziwa yetu matatu walibeba mitumbwi yao mabegani kutoka ziwa moja hadi jingine, wakaiteremsha majini ikiwa bado inachuruzika. Ziwa Ibamba lilikuwa upande wa machweo, Kanyange lilikuwa katikati, na Lwanda lilijificha nyuma ya kilima cha Irango. Maji ya Kanyange wakati huo yalikuwa maangavu. Mwanamke akidondosha shanga alipokuwa akioga, aliiona ikitua mchangani, akainama akaiokota.

Huko Kanyange aliishi Rwabuhungu. Hakuwa mvuvi. Alilima migomba kama wenzake, lakini mavuno yakishaingia ndani alipiga makasia kwa raha tu, na katika mashindano ya mitumbwi hakuna aliyemwona isipokuwa mgongo. Mtumbwi wake aliuchonga mwenyewe, mwembamba na mwepesi, na aliupenda kupita kiasi.

Mwaka mmoja alikwenda kushindana Ibamba, ambako dada yake Kemilembe alikuwa ameolewa. Alikuta ziwa limebadilika. Sehemu kubwa ya ufuko ilikuwa imefunikwa na gugu geni, majani yake ya mviringo, maua yake ya zambarau, likielea bila kushika ardhi. Wenyeji walikuwa wamelisukuma kando kwa miti mirefu ili wapate njia ya kushindania. Rwabuhungu aliyasifu maua, akashindana, akashinda.

Alipokuwa akiuvuta mtumbwi nchi kavu ili arudi kwao, Kemilembe alimfuata mbio.

"Kaka, usiondoke hivyo. Upindue, umwage maji yote, uuache juani mpaka ukauke. Gugu hili lilitujia na mtumbwi wa wageni waliokuja kucheza kama wewe. Sasa nyavu zetu zinatoka na matope."

"Nikingoja ukauke nitafika lini? Nyumbani wameshachinja."

"Wakungoje."

"Kemilembe, haya ni maji tu," alisema Rwabuhungu, akacheka, akawaita wenzake wabebe. Maji yale yalikuwa yakicheza ndani ya mtumbwi njia nzima. Jioni waliuteremsha Kanyange kwa ngoma na vigelegele.

Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Kisha vikonyo vichache vya kijani vilionekana karibu na gati la miti alikofunga mtumbwi wake, na watoto wakavaa maua yake vichwani. Masika yalipopita, ghuba nzima ilikuwa imezibwa. Maji chini ya majani yalianza kunuka, samaki wakaelea matumbo juu, na waliokuwa wakichota maji mlangoni pao sasa wakatembea hadi chemchemi. Rwabuhungu alijua lilikotoka. Aling'oa gugu tangu asubuhi hadi mikono ikavimba, na kesho yake alikuta pale alipong'oa pameziba tena. Lakini hakumwambia mtu.

Kisha mkewe, Kokugonza, akashikwa na uchungu. Mkunga aliishi ng'ambo, na kwa mtumbwi safari ile ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu aliweza kuwaita walioko upande wa pili. Rwabuhungu alimlaza mkewe kwenye majani ya mgomba ndani ya mtumbwi, akaondoka kulipokucha. Hawakufika mbali. Kasia lilinasa, akalinasua, likanasa tena. Aliruka majini asukume, mizizi ikamfunga miguu. Alimwona mkunga amesimama ufukweni ng'ambo ile, kanga imefungwa kiunoni, akipunga mikono, na hakuweza kumfikia. Jua lilipopanda mtoto alizaliwa pale pale, katikati ya gugu, wala hakulia.

Baada ya maziko ya mtoto siku nyingi zilipita. Kisha Kokugonza akamwuliza mumewe, "Gugu hili lilitoka wapi?"

Rwabuhungu akamwambia yote: maneno ya dada yake, maji ndani ya mtumbwi, na ngoma za jioni ile. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Hakumtukana. Alisema tu, "Basi lisivuke Irango."

Rwabuhungu akapanda kilimani, pale njia inapoteremkia Lwanda, akajenga kibanda. Haikupita muda vijana wa Kanyange wakaja wamebeba mtumbwi, wanaimba, wanakwenda kushindana Lwanda kwa kuwa kwao hapakuwa tena na maji ya kuchezea. Aliyewaongoza alikuwa Ishengoma, kaka yake Kokugonza, ambaye dada yake alikuwa amemsimulia yote.

"Shemeji, ushusheni," alisema Rwabuhungu, amesimama katikati ya njia.

"Tupishe. Wenzetu wanatungoja."

"Upindueni kwanza. Ukauke."

Ishengoma uso ukambadilika. "Wewe ndiye wa kutuzuia? Wewe uliyelileta?"

"Ndiyo," alisema Rwabuhungu. "Ni mimi niliyelileta."

 Ishengoma alisimama akihema, mtumbwi begani, kisha akapiga goti na kuushusha. Walipoupindua maji yalimwagika nyasini, na kutoka kwenye ufa karibu na tezi, nyuma ya mtumbwi, kikaanguka kikonyo kidogo chenye mizizi, kibichi kabisa. Ishengoma alikiokota kwa vidole viwili, akakitazama, akakitupa kwenye moto uliokuwa ukiwaka mbele ya kibanda. Waliukausha mtumbwi kwa matambara, wakauacha juani, wao wakaketi. Mashindano yakawapita. Lakini watu wa Lwanda waliposikia kwa nini wageni wao wamechelewa, wanawake walipanda kilima na ndizi zilizopikwa na maharage, wakala pamoja nao.

Na ndiyo maana mpaka leo, anayetoka ziwa lolote kwenda Lwanda huupindua mtumbwi wake Irango, akaukung'uta, akaukausha, akangojea jua. Na wenyeji wake humpelekea chakula huko juu, asione njaa kwa ajili yao. Hata wanaokuja siku hizi na boti za injini kujistarehesha huziba njia kwa matrela yao, wakanung'unika, wakamwaga maji, wakangoja. Kanyange halikupona. Maji ya Lwanda ni maangavu bado, na akina mama wanaojifungua huko huvushwa kwa mkunga kabla chai haijapoa.