Asiyelia Aliwe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Haya, tulieni. Ya leo si ya kuchekea.

Hapo kale, zama za kale, wanyama walikutana barazani. Walikuwa wamechoka kulana. Swala, mla majani, akasimama akasema, "Wenzangu, tupige mstari. Mwenye kulia asiliwe. Akilia, ana uchungu."

"Na asiyelia?" akauliza Fisi.

"Huyo ni chakula."

Wote wakaapa. Swala akarudi kwake anarukaruka. Yeye sauti anayo, ukoo wake mzima unayo. Ana wasiwasi gani?

Njaa ikamshika Fisi. Akamkuta Konokono. Konokono akatoa povu jingi. Fisi akamwita Swala aliyekuwa akila majani karibu, "Mama Swala, huyu analia?"

"Povu si kilio," akajibu Swala.

Konokono akaliwa.

Fisi akamkuta Kambare kwenye dimbwi linalokauka. Kambare akagaagaa, akapigapiga mkia, macho yamemtoka. "Mama Swala, na huyu?"

"Kugaagaa si kilio."

Kobe alikuwa karibu. Akasema, "Lakini mama, huoni anavyohangaika?"

"Wewe Kobe, usinichoshe! Tukienda hivyo, kesho nitaambiwa nyasi nazo zinaumia. Nile mawe?"

Kambare naye akaliwa.

Swala akazaa. Mnajua desturi yao: mtoto hulazwa majanini, mama huenda malishoni. Akamwonya, "Akija yeyote, usitikisike, usilie, mpaka nirudi."

Fisi akaja. "Mtoto, unalia?"

Kimya.

"Nakuuliza tena, unalia?"

Mtoto akabana pumzi.

"Mara ya mwisho. Unalia?"

Maskini, mtoto mwenye adabu! Akashika neno la mama yake. Akaliwa.

Swala aliporudi alikuta kwato tu, na Fisi kando akijilamba. "Fisi! Umemla mwanangu!"

"Nilimwuliza mara tatu, mama. Hakulia."

"Alinyamaza kwa sababu nilimfunza! Alikuwa na uchungu!"

"Kunyamaza si kilio," akasema Fisi. "Mstari ni wako, mama."

Swala akalia mpaka sauti ikakauka. Fisi akampita hivihivi, hakumgusa, maana huyo analia.

Ndiyo maana wazee wakasema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukipiga mstari wa huruma, usiupige nyuma ya kisigino chako. Utakayemwacha nje huenda ni wa tumbo lako.

Hadithi yangu inakomea hapo. Ikiwa tamu, ichukueni. Ikiwa chungu, hata mimi imenichoma.