Folda ya Zamu za Maji

Si zamani sana, wajukuu zangu, kompyuta zilishafika mpaka ofisi ya mfereji wa kumwagilia mashamba. Zamu zote za maji ziliwekwa kwenye folda moja, kila karani akifungua anaona. Mwenyekiti wa maji, Mzee Senkoro, akaitamani zamu ya Alhamisi ya mjane Nakijwa. Alitaka ajiandikie yeye bila kuonekana, na maharage ya mjane yalishaanza kunyauka.

Akamwita Eliapenda, fundi wa kompyuta. "Ile folda ifunge! Asiingie mtu yeyote."

"Yeyote, baba?"

"Hayo ni masikio au majani ya mgomba? Yeyote!"

"Haya. Na wakija kunipigia kelele?"

"Waambie mpaka mkutano wa wanachama uruhusu." Akacheka, maana mwitishaji wa mkutano ni yeye.

"Basi niandikie, baba, mie msahaulifu."

Akaandika, akagonga na muhuri. Eliapenda akafunga.

Kesho yake mzee akabonyeza folda, ikakataa. Akabonyeza tena, wapi!

"Wee Eliapenda! Mbona inanikataa hata mimi?"

"Si ulisema yeyote, baba?"

"Nifungulie!"

"Na muhuri wako huu? Itisha mkutano kwanza, uwaambie wanachama unataka kuandika nini."

"Sasa maji yatagawanywaje?"

"Kwa orodha niliyoichapa nikaibandika mlangoni kabla sijafunga. Kesho Alhamisi, ni ya mama Nakijwa."

Maharage yale niliyala mimi mwenyewe. Matamu!