Jina Jipya la Makorokoro

"Ukibadili jina, mwarifu anayeita." Ndivyo nilivyomwambia Lugano, aliyebadili namba ya simu akamwacha mama yake akihangaika wiki nzima. Mmecheka weee, kisha mkaniuliza methali hiyo nimeitoa wapi. Sikuitunga mimi. Chanzo chake ni Anyimike, mjane wa Asajile, kule Tukuyu kwenye migomba na mvua isiyochoka.

Asajile alikuwa na sauti nzuri na mdomo usiotulia. Alijirekodi kwenye kompyuta yake kuukuu akisimulia hadithi na kuimba nyimbo za kubembelezea watoto. Kompyuta ile ilipokaribia kufa, mwanawe Gwamaka aliihamishia yote ndani ya kompyuta mpya, ikawa inaishi humo kama mpangaji: kompyuta ndani ya kompyuta. Mali yote ya mpangaji huyo, yaani diski yake, ilikaa kwenye faili moja kubwa, na Gwamaka, kwa haraka za ujana, akaliita Makorokoro.

Asajile alipofariki, sauti ile ndiyo iliyombakisha Anyimike duniani. Kila jioni aliisikiliza, ndipo akapata nguvu ya kuinjika chungu. Lakini jina lile lilimchoma. Mume aliyeishi naye tangu usichana aitwe makorokoro? Matanga yalipoondolewa, alilifuta jina hilo, akaandika Asajile. Akajisikia amemtendea haki.

Jioni hiyo mashine ikagoma. Iliandika kwamba diski haionekani. Alizima akawasha, akazima akawasha, maneno yakawa yaleyale. Anyimike aliamini amemzika mumewe mara ya pili, tena kwa mkono wake mwenyewe. Aibu ikamfunga mdomo. Gwamaka alipopiga simu aliambiwa kwamba nyumbani ni kwema, na mficha uchi, mnajua wenyewe, hazai.

Gwamaka alipokuja kumjulia hali alimkuta amekonda, chakula hakimshuki. Akambembeleza mpaka mama akalia na kueleza yote.

"Mama, baba hajapotea," Gwamaka alisema alipokwisha kutazama. "Faili liko hapa, zima kabisa. Ila mashine bado inaita Makorokoro, na hakuna anayeitika. Ngoja nirudishe lile jina, tumalize."

"Usimrudishie," Anyimike alisema polepole. "Hilo si jina la baba yako."

Gwamaka aliinamisha kichwa. Alifungua faili dogo la maelekezo, lile linaloiambia mashine diski yake iko wapi, akaandika humo jina jipya. Mashine ikagoma vilevile. Anyimike alijifunika uso kwa kanga.

"Ulipokuwa mchanga ulikuwa mtu wa kuugua," alisema hatimaye. "Wazee wakakubadilisha jina, wakakupa hili la babu yako. Baba yako akazunguka nyumba hadi nyumba kuarifu, hakutaka hata mmoja akuite kwa lile la ugonjwa. Tukadhani amemaliza, kumbe shangazi yako ng'ambo ya mto hajaambiwa. Alirudi kwenye mvua, mwanangu, kwa ajili ya mtu mmoja."

Gwamaka hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aliwaza jinsi baba yake alivyomhangaikia kwa upendo mkubwa hivyo, naye akamlipa mzee kwa jina la takataka. Alifuta macho, akaanza kupekua upya, safari hii akitafuta nani mwingine hajaambiwa. Akampata. Nyuma ya lile faili dogo kulikuwa na jingine, dogo zaidi, nalo bado limeandikwa Makorokoro. Akalisahihisha.

Mashine ikaamka. Kikasikika kikohozi, kisha Asajile mwenyewe: "Anyimike, acha hayo masufuria, njoo usikie hii."

Anyimike alicheka huku machozi yanamtoka, akasogeza kigoda karibu kama alivyofanya siku zote mumewe alipomwita.

"Nisamehe kwa lile jina, mama," Gwamaka alisema. "Lakini ungeniambia."

"Kweli, ningekuambia," alijibu, akampapasa kichwa. "Alikuwa hapahapa akisubiri, na mimi nikamlilia kama aliyepotea. Ukibadili jina, mwarifu anayeita."