Fundi, Seva na Kadi Zilizonyamaza

Wapendwa, funikeni Biblia kidogo, niwape kisa.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali moja huko milimani, mahali ambapo hata ukipanda juu ya meza simu yako haikamati mtandao. Njia pekee ya hospitali ile kuzungumza na dunia ilikuwa dishi la juu ya paa. Dishi lile lilipitia kwenye kompyuta moja kubwa, wanaiita seva, na ndani ya seva mna kadi ndogo ya mtandao, haizidi kiganja. Kadi ndiyo mlango. Mlango ukifungwa, hospitali nzima ni bubu.

Fundi yule alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari. Mtu akishajijua hivyo, mnaelewa tena! Seva ikiwashwa huandika mistari mingi kwenye kioo, inaeleza imeona nini na imekosa nini. Yeye hasomi. Anafuta yote, anasema, "Hii naijua kuliko inavyojijua." Na kifaa kikimgomea, kwake kimekufa. Anang'oa, anaweka kingine.

Ijumaa aliiwekea seva programu mpya. Jumatatu umeme ukakatika, ukarudi, seva ikajiwasha upya. Mtandao hakuna. Na asubuhi hiyo hiyo, jamani, analetwa mtoto wa miaka sita ameanguka kutoka kwenye trekta. Damu inavujia ndani ya kichwa. Je, atobolewe fuvu hapo hapo, au apakiwe garini, saa sita za barabara ya mashimo mpaka mjini? Daktari wa pale hakuthubutu kuamua. Ilikuwa lazima picha ya kichwa imfikie bingwa mjini, na bingwa anaingia chumba cha upasuaji saa sita kamili, hatoki mpaka jioni.

Saa nne, daktari kasimama mlangoni kwa fundi. "Fundi, vipi?"

"Kadi imeungua, daktari. Radi ya juzi."

Akaing'oa, akaweka ya akiba. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya. Akapanda paani kulikagua dishi, akashuka suruali imechanika. Kimya vile vile. Saa tano. Saa tano na nusu. Kupitia ukuta alimsikia mama wa mtoto akiita, "Baba, nifumbulie macho. Baba, nitazame." Mtoto hajibu. Fundi akawa anaomba kimoyomoyo, mtu ambaye hakuwa ameomba tangu kipaimara.

"Daktari," akasema, "kadi zote mbili ni mbovu. Sina nyingine."

Daktari akamgeukia sista wa zamu aliyekuwa amekuja naye. "Andaeni gari." Na sauti yake ilisema kabisa kwamba mtoto hatafika.

Sista hakuondoka. Alikuwa ameinama nyuma ya seva. "Fundi, samahani. Hii taa ya kijani kwenye kadi, ya nini?"

"Inaonyesha kadi ni nzima."

"Mbona inawaka?"

Nyie! Fundi akaizima seva, akaiwasha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akasoma. Mstari ulikuwa pale pale, umeandikwa kila mara alipoiwasha, naye akaufuta kila mara. Programu mpya ilikuwa imeibadilishia kadi jina. Zamani kadi iliitwa eth0, basi. Sasa inaitwa kufuatana na tundu ilipochomekwa: enp3s0, jina la kukwama mdomoni. Lakini kwenye faili aliloandika yeye mwenyewe miaka saba nyuma, agizo lilibaki lile lile: pitia eth0. Basi seva inaita, eth0! Hakuna anayeitika. Inaita tena. Kadi imekaa pale na uzima wake, inangoja iitwe.

Akafuta neno moja, akaandika lingine. Mlango ukafunguka. Picha ikaenda, imebaki dakika nne. Jibu la bingwa likarudi: "Msimsafirishe. Mtoboeni sasa hivi, hapo hapo."

Mtoto alipona. Siku ya tatu mama yake akaja kwa fundi kushukuru, kamshika mikono yote miwili. Akauliza, kama mama yeyote angeuliza, "Baba, kwani kilikuwa kimeharibika nini?"

Fundi akatazama kadi mbili mezani. "Hakuna, mama. Hakuna kilichoharibika."

Mama akamwachia mikono. "Hakuna? Na mwanangu alilala pale saa mbili anakufa?"

Wapendwa, mnangoja niseme amina? Sisemi. Tujitazame kwanza. Mmesikia Mungu amembadilisha mtu, nasi bado tunamwita nani? Yule mwizi. Yule mlevi. Yule aliyemkimbia mumewe. Asipoitika tunasema, mnaona, amekufa kiroho, tumng'oe. Mimi mchungaji wenu, kwenye daftari langu la maombi kuna mzee nimemwandika "mlevi". Ameacha pombe mwaka wa nne huu! Nimepiga magoti miaka minne namwombea mtu ambaye hayupo, na yule aliyepo sijawahi hata kumsalimia vizuri. Naona haya kuwaambia.

Mnacheka? Haya, toeni simu zenu. Ndiyo, humu humu kanisani, nimewaruhusu. Mtafute ndugu yako yule mliyegombana, aliyekuja kukuomba radhi ukamjibu "tutaona". Umemhifadhi kwa jina gani? Wapo humu waliomwandika dada yao wa tumbo moja "Usipokee". Hatuimbi wimbo wa mwisho mpaka umeandika jina alilopewa na mama yako. Halafu toka nje, umpigie.